Tiba ya Viungo kwa Watoto na Wazee: Kuwahi Ni Sehemu ya Matibabu

Tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, ni huduma ya utengemao inayomwezesha mtu kupata, kurejesha au kutunza uwezo wa kujongea.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, watoto wengi wenye afya huketi bila kuegemezwa kufikia miezi 9 na hutembea wenyewe kufikia miezi 18. Mtoto anayechelewa, aliyelegea au aliyekakamaa awahishwe kliniki. Mguu kifundo hunyooshwa kidogo kidogo kwa plasta ngumu zinazobadilishwa kila wiki. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu, mwanzoni karibu muda wote na baadaye wakati wa kulala, hadi takriban miaka 4. Tiba ikikatishwa, mguu huweza kupinda tena.

Kwa mzee, ambaye Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mwenye miaka 60 au zaidi, hatari kubwa baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga ni kulazwa kitandani muda mrefu. Misuli hunywea, viungo hukakamaa na vidonda hutokea. Misuli ya mzee nayo huimarika kwa mazoezi.

Mkazi wa Bagamoyo aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, kwa ajili ya rufaa inapohitajika hadi Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Hospitali ya CCBRT, Msasani, hutibu mguu kifundo.

Kwa kuwa safari ni ndefu, mlezi aombe kufundishwa mazoezi ya kufanyia nyumbani.