Shokapu za Busale na historia ya matengenezo

Historia ya uchumi wetu imeandikwa zaidi na waagizaji kuliko watengenezaji. Wanafunzi wangu huweza kueleza bila kusita kwamba bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Nikiwauliza mashine zilizokuwapo kabla ya hapo ziliendeshwaje bila spea, darasa hunyamaza.

Nachukua mfano mdogo, shokapu za mbele za pikipiki. Pikipiki zilizotumika katika Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki hazikuwa na shokapu tunazozijua leo. Gurudumu la mbele lilishikwa na vyuma vilivyoungana na springi iliyo wazi. Mwaka 1935 kampuni ya BMW ilitoa modeli ya R12, yenye mabomba mawili yanayoingiana, springi na oili ndani. Springi hubeba uzito. Oili, ikilazimishwa kupita katika matundu madogo, huzuia chombo kurukaruka. Oili ikivuja, springi hubaki peke yake, na dereva hupoteza mamlaka juu ya usukani pale anapoyahitaji zaidi, yaani shimoni na wakati wa kufunga breki.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika na spea zikawa anasa. Kisha, kuelekea miaka ya 1990, ukaja mfumo wa Mafunzo na Ziara uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ulimtaka bwana shamba awafikie wakulima kwa ratiba. Ratiba ilihitaji pikipiki. Mradi una tarehe ya kwisha, chuma hakina.

Honda moja ya kizazi hicho niliikuta Busale, wilayani Kyela, ikiwa imefunguliwa chini ya mwembe. Mvua za Kyela ni nyingi kupindukia, na tope lake si rafiki wa chuma. Kutu ilikuwa imetoboa vijishimo katika bomba la ndani, navyo vilikata mpira wa kuzuia oili kila bomba lilipopanda na kushuka. Kubadilisha mpira pekee kungekuwa kutupa fedha. Fundi alikwisha kulegeza vifuniko vya juu kabla ya kutoa mabomba, maana springi iliyobanwa inaweza kumrukia mtu usoni. Akaviringisha kila bomba juu ya kioo kipana cha dirisha, akichungulia mwanga chini yake, kuona kama limepinda. Vijishimo akavijaza gundi ya chuma, akaiacha ikauke hadi kesho yake, akasugua kwa msasa laini wenye maji mpaka ukucha ulipopita bila kukwama.

“Mwalimu, hapa jicho hudanganya, ukucha haudanganyi,” alinieleza.

Oili aliipima kwa chupa ya dawa ya kikohozi yenye alama za mililita, kiasi kilekile kila upande, kwani shokapu mbili zisizolingana huyumbisha pikipiki. Sijaona maabara yenye nidhamu zaidi ya ile.

Kanuni za leseni za 2010 ziliitambua bodaboda kuwa usafiri wa biashara. Ajali zikitokea, mjadala wetu hukimbilia tabia ya vijana: mwendo kasi, kofia ngumu, pombe. Hayo ni kweli. Lakini kijana anayeteremka mlima na gunia la kakao na abiria, shokapu zake zikiwa kavu, ameshaingia hatarini hata akienda taratibu, na usalama wake unategemea fundi ambaye dola haimwoni.

Sheria ya VETA ni ya 1994, na mamlaka hiyo ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Mwanagenzi mkubwa wa pale mwembeni anaufahamu. Hesabu yake ni nauli, ada na siku bila kipato; na msimu wa mvua, shokapu zinapokufa kwa wingi, ndio msimu asioweza kuondoka.