Ushahidi wa chura katika mito ya Nairobi

Bwawa la Nairobi, lililo chini kidogo ya mtaa wa Kibera, lilianza kutumika mwaka 1953 kama akiba ya maji ya dharura. Wenye nafasi zao walikuwa na klabu ya mashua za tanga hapo. Mto Motoine ndio unaolilisha, na kadiri Kibera ilivyojaa watu bila mabomba ya maji taka, ndivyo mto ulivyogeuzwa mtaro wa vyoo, sabuni na oili chafu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magugu maji yalikuwa yametanda bwawani, na mashua zikabaki kumbukumbu za wazee.

Mtaa wa Kawangware nao una mto wake. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, na haujafika katikati ya jiji ila umeshaonja taka za mtaa huo. Mwaka 2016 watafiti Elijah Ngumba, Anthony Gachanja na Tuula Tuhkanen walichapisha vipimo vya bonde la mto huo. Walikuta viuavijasumu, pamoja na dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Mgonjwa humeza kidonge. Sehemu yake hutoka na mkojo, na pasipo na bomba la maji taka, mkojo hufuata mteremko.

Vipimo vya aina hiyo hutaja kilichomo majini na kiasi chake. Kinachompata kiumbe anayeishi humo ni swali jingine, na hapo ndipo chura anapoingia. Yai lake halina ganda, ngozi yake hupitisha maji na hewa, na kiluwiluwi hugeuka chura kwa amri ya homoni. Kemikali inayoigiza homoni humvuruga upesi.

Aliyelionyesha jambo hilo kwa rangi ni chura mdogo wa matete kutoka pwani ya Kenya, Hyperolius argus. Mwaka 1999 Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha na mwenzake utafiti juu ya chura hao kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke. Wanapomaliza uluwiluwi, dume na jike huwa kijani. Jike akikomaa hubadilika kuwa wa kahawia nyekundu mwenye madoa meupe. Wakipewa homoni ya kike, hata madume huvaa rangi hiyo, na mtafiti huliona jibu kwa macho, bila kumpasua mnyama. Mwaka uliofuata maabara hiyo ilionyesha kwamba baadhi ya aina za kiuatilifu cha DDT huleta mabadiliko hayo hayo. Kwa hiyo chura wa Arabuko-Sokoke akawa kipimo cha maabara Marekani, ilhali mito ya nyumbani iliendelea kupimwa kwa chupa.

Hayes alijulikana zaidi mwaka 2002, alipotangaza kwamba dawa ya magugu ya atrazini, hata kwa mikrogramu 0.1 kwa lita, iliwafanya chura dume wa maabara waote viungo vya kike. Kampuni ya Syngenta, iliyotengeneza dawa hiyo, ilipinga matokeo hayo vikali, na mwaka 2007 wakala wa mazingira wa Marekani haukuyakubali. Ugomvi huo haujaisha.

Reptilia nao walishaitwa kutoa ushahidi. Mwaka 1991 watafiti wa Norway na Kenya walichapisha vipimo vya viuatilifu vya jamii ya DDT katika mayai ya mamba wa Kenya. Mwaka 1997 Michael Lambert alieleza jinsi alivyotumia reptilia na amfibia kupima madhara ya sumu iliyomwagika kutoka ghala la viuatilifu lililoharibiwa karibu na Hargeisa.

Lakini chura kama shahidi anahitaji kuhojiwa kwa makini. Vyura wa Kihansi, Tanzania, walikadiriwa kuwa karibu 20,000 katikati ya 2003. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wote wamekwisha. Wengine walilaumu bwawa la umeme lililowanyima manyunyu ya maporomoko, wengine viuatilifu vilivyoteremka na tope la bwawa, wengine ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi. Huenda yote matatu yalishirikiana. Chura akifa Kibera au Kawangware, penye mchanganyiko mkubwa kuliko wa Kihansi, kumtaja muuaji mmoja kutakuwa kazi ngumu zaidi.

Njia moja ya kulitatua fumbo kama hilo ilitumika Illinois. Mwaka 2005 watafiti walichapisha uchunguzi wa vyura waliohifadhiwa makumbusho tangu 1852, wakakuta kwamba wenye viungo vya jinsia mbili walikuwa wengi zaidi kati ya 1946 na 1959, enzi ya DDT. Nairobi nayo ilianzisha makumbusho yake mwaka 1910, na kuanzia 1914 msimamizi wake, Arthur Loveridge, alikusanya nyoka, mijusi na vyura wa nchi hii, miaka 25 kabla ya Paul Müller kugundua kwamba DDT huua wadudu. Makumbusho hayo sasa yako juu ya kilima, na chini yake unapita mto ule ule utokao Kawangware.