Namna sheli inavyokamilisha majina ya faili yenye nafasi na mabano

Nchini Burundi, jina Nyamugari ni la zaidi ya kilima kimoja: kuna Nyamugari ya Gitega na Nyamugari ya Muyinga. Ili kuzitofautisha, mtunza kumbukumbu anaweza kuzipa faili zake majina «Nyamugari (Gitega).txt» na «Nyamugari (Muyinga).txt». Kwa msomaji majina hayo ni wazi. Kwa sheli, yaani programu ya kompyuta inayopokea amri zilizoandikwa kwa kibodi, yana mtego.

Katika sheli, nafasi hutenganisha neno na neno, na mabano yana kazi yake katika sarufi ya amri. Mtu akiandika

cat Nyamugari (Gitega).txt

ili asome faili, sheli ya Bash hukataa amri hiyo. Hatari zaidi ni amri ya kufuta. Katika folda yenye faili tatu, «Nyamugari», «Muyinga» na «Nyamugari Muyinga», amri

rm Nyamugari Muyinga

hufuta zile mbili za kwanza na kuiacha ya tatu iliyokusudiwa. Amri ya rm haina kikapu cha taka.

Kinga ni kuweka mkwaju wa nyuma (\) mbele ya kila alama maalumu, au kulizungushia jina lote alama za nukuu. Nukuu moja huondoa maana maalumu ya kila alama. Nukuu mbili huzibakiza chache, kama vile $.

Kitufe cha Tab hupunguza kazi hiyo. Katika Bash, iliyoandikwa na Brian Fox na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1989, mtumiaji akiandika «cat Nya» na kubonyeza Tab, jina hufika hadi

cat Nyamugari\ \(

na kusimama, kwa kuwa hapo ndipo faili mbili zinapoachana. Akiongeza G na kubonyeza tena, hupata

cat Nyamugari\ \(Gitega\).txt

Akiwa ameanza kwa nukuu, Bash haiweki mikwaju hiyo. Hukamilisha jina, kisha huifunga nukuu.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Faili «ng'ombe.txt» ikiandikwa bila kinga, sheli huichukua apostrofi kuwa ni nukuu iliyofunguliwa, na hubaki ikingoja ifungwe. Tab huiandika

ng\'ombe.txt

Hata hivyo, Tab humsaidia aliye mbele ya kibodi tu. Amri zilizohifadhiwa ndani ya faili ili zitekelezwe baadaye hazina msaada huo. Humo, «rm $jina» hulikata jina penye nafasi, na Bash hutafuta faili mbili za kufuta badala ya moja. Mwandishi wa amri hizo ndiye anayepaswa kuweka nukuu mwenyewe:

rm "$jina"