Nyanya kati ya Tunda na Mboga

Walimu wamezoea kutuuliza swali hili: je, nyanya ni tunda au ni mboga? Kitabu cha elimu ya viumbe humfundisha mwanafunzi kuwa nyanya ni tunda, lakini nyumbani hutumwa gengeni kuileta pamoja na vitunguu na mchicha, wala hakuna aitajaye tunda. Swali hili huonekana dogo. Hata hivyo lilipata kufikishwa mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu yake ina mafunzo kwa kila mfasiri. Katika makala haya tutaieleza historia hiyo kwa ufupi, kisha tutayatazama maneno yetu wenyewe.

Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1883 iliagiza kwamba mboga zitokazo nchi za nje zitozwe ushuru wa asilimia 10, bali matunda mabichi yasitozwe. Mwaka 1886 wafanyabiashara wa New York wa ukoo wa Nix waliingiza nyanya kutoka visiwa vya Karibi. Mkuu wa forodha wa bandari hiyo, Edward Hedden, aliwatoza ushuru. Walilipa huku wakipinga, na mwaka 1887 wakamshtaki ili warejeshewe fedha zao.

Linalotuhusu sisi ni kwamba sehemu kubwa ya hoja zilizotolewa ilitoka katika kamusi. Wakili wa wadai alisoma maana za tunda, mboga na nyanya. Wakili wa mdaiwa akajibu kwa kusoma maana za njegere, bilingani, tango na pilipili. Yule wa kwanza akarudi na viazi, kabichi, karoti na maharagwe. Tarehe 10 Mei 1893 mahakama ilitoa hukumu kwa kauli moja. Jaji Horace Gray alikubali kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, kama yalivyo matango na njegere. Lakini katika lugha ya kawaida ya watu, alieleza, vitu hivyo ni mboga, kwa kuwa huliwa pamoja na chakula chenyewe, si baada yake kama yaliwavyo matunda. Wadai wakashindwa. Kuhusu kamusi, mahakama ilisema kuwa hizo husaidia kumbukumbu na ufahamu wa majaji tu, wala si ushahidi.

Umoja wa Ulaya ulifuata njia nyingine. Agizo lake la mwaka 2001 kuhusu jamu lilizihesabu nyanya, karoti na hata viazi vitamu kuwa matunda. Hakuna aliyedhani kwamba karoti si mzizi. Lilihitajika neno la kutosheleza shughuli moja, yaani utengenezaji wa jamu.

Tukirudi kwenye Kiswahili, twaona kwamba tunda hutazama mmea, ilhali mboga hutazama sahani. Katika sehemu nyingi za bara, mboga ni chochote kiliwacho pamoja na ugali au wali, hata mtu husema, "Leo mboga ni nyama." Pwani, nyama na samaki huitwa kitoweo. Papai likiiva ni tunda. Likiwa bichi huweza kupikwa likawa mboga. Na huko Bukoba na Moshi, ndizi za kupika si tunda wala mboga, bali ni chakula chenyewe.

Hapo ndipo mfasiri hupata taabu. Akiandika katika kijarida cha afya, "Kula mboga kila siku," msomaji aliyekula ugali kwa dagaa atajiona ametii. Akiandika "mboga za majani," basi nyanya, karoti na bilingani, ambazo si majani, zaweza kuachwa nje. Bahati njema, wakulima na wafanyabiashara wa Tanzania wamekwisha kulitumia neno mbogamboga, ambalo huviweka vyakula vya bustani mbali na nyama na samaki.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika elimu ya viumbe, tunda libaki kuwa sehemu ya ua iliyokomaa yenye kubeba mbegu, na maana hiyo ielezwe wazi. Pili, katika maandishi ya afya na kilimo, litumike mbogamboga. Tatu, katika sheria na ushuru, kila zao litajwe kwa jina lake, kwani neno la jumla lisilofafanuliwa huishia mahakamani.

Kwa mwalimu aliyeulizwa swali letu la awali, jibu ni kumuuliza mwanafunzi kwanza kama anazungumzia mmea au mlo. Hana haja ya kumwambia kwamba nyumbani kwao wamekosea.