Bevatron: mtambo uliovunjwa na historia yake iliyofunikwa

Bevatron, mtambo wa kuongeza kasi ya chembe, ilipokuwa ikivunjwa kule Berkeley, California, kuanzia mwaka 2009, wakazi walilumbana kuhusu asbesto, vumbi na malori ya vifusi kupita mitaani kwao. Wengine walitaka jengo lihifadhiwe, kwa kuwa humo ndimo ilimogunduliwa antiprotoni mwaka 1955, kazi iliyowapa Emilio Segrè na Owen Chamberlain Tuzo ya Nobel. Hoja zote zilikuwa na msingi. Ila mtambo huo ulikuwa na maisha ya pili, ya biolojia, na hayo yamesahaulika mno.

Wa kutajwa hapa ni Cornelius Tobias, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyegeukia biolojia. Mwaka 1952, miaka mitano kabla ya Sputnik, alibashiri kwamba mtu akifika juu kabisa, viini vizito vya miale ya kosmiki vitampenya machoni na ataona vimweko vya mwanga. Julai 1969 mwanaanga Buzz Aldrin alirudi na Apollo 11 akisema ameviona. Waliomfuata walieleza nukta na michirizi, tena hata wakiwa wamefumba macho.

Ubishi ukazuka. Kuna waliosema ni mwanga wa Cherenkov, unaozuka chembe inapopita katika majimaji ya jicho kwa kasi kubwa kuliko mwanga wenyewe unavyopita humo. Wengine wakashikilia kwamba chembe hugonga retina moja kwa moja. Tobias na wenzake, akiwemo Thomas Budinger, waliamua kutumia macho ya watu, yao yakiwemo. Mhusika alikaa gizani mpaka macho yazoee, kisha akapigwa na chembe chache mno. Walianza na nyutroni, wakaona vimweko. Baadaye Bevatron ikawapa ioni za nitrojeni, zenye kasi ndogo isiyoweza kuzalisha Cherenkov. Michirizi ikaonekana vilevile! Lakini Peter McNulty naye, kwa kutumia chembe ziitwazo muoni, ziendazo kasi sana, alionyesha kwamba Cherenkov nayo huonekana. Kila upande ukaondoka na chake. Sijui kamati gani ya maadili leo ingepitisha jaribio la namna hiyo.

Mwaka 1974 Bevatron iliunganishwa na mtambo mwingine, ikawa Bevalac, ikarusha ioni nzito kwenye seli, wanyama na hata uvimbe wa wagonjwa wa saratani. Ilizimwa mwaka 1993. Watafiti wa mionzi ya anga wakahamia Brookhaven, New York, wakiomba zamu kwenye mtambo wa wanafizikia, hadi NASA ilipofungua maabara yake hapohapo mwaka 2003 kwa dola milioni 34.

Kwa miaka mingi panya walipigwa aina moja ya ioni, mara nyingi chuma, na kupewa kwa dakika chache dozi ambayo mwanaanga angeipata kwa miezi. Wakosoaji hawakunyamaza, na walikuwa na haki. Siku hizi maabara hiyo huchanganya miale 33 ya ioni na nishati tofauti, na dozi yaweza kugawanywa kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, safari ya Mirihi, kwenda na kurudi, hukadiriwa kuchukua karibu miaka mitatu, muda ambao panya wa maabara kwa kawaida haufikishi.