Mawe ya Akragas: Mateka, Wasafiri na Fasihi ya Magofu

Utangulizi

Katika pwani ya kusini ya Sisili, juu ya mwinuko unaotazamana na Bahari ya Mediterania, yapo magofu ya mahekalu ya Kigiriki ambayo kwa zaidi ya karne mbili yamekuwa kituo cha wasafiri waandishi kutoka kaskazini mwa Ulaya. Wagiriki waliuita mji huo Akragas, Warumi wakauita Agrigentum. Kwa karne nyingi ulijulikana kama Girgenti, na tangu 1927 unaitwa Agrigento. Makala haya yanachunguza jinsi maandishi yalivyoyatangulia macho ya wageni hao. Yanadai kwamba fasihi ya magofu, huku ikihifadhi kumbukumbu ya mahekalu, imechangia kuwasahaulisha wasomaji watu walioyachonga mawe yake.

Ushindi na Mateka

Mnamo 480 K.K. Theron, mtawala wa Akragas, akishirikiana na Gelon wa Syracuse, alilishinda jeshi la Carthage katika vita vya Himera. Kwa mujibu wa Herodotus, jeshi hilo lilikusanya Wafoinike, Walibya, Waiberia na wengineo. Kwa hivyo haifai kudai kwamba mateka wote walikuwa Waafrika. Hata hivyo, Diodorus, mwanahistoria mzaliwa wa Sisili aliyeandika katika karne ya kwanza K.K., anasimulia kwamba wingi wa mateka ulikuwa kana kwamba Libya nzima imetekwa. Anaongeza kuwa baadhi ya raia wa Akragas walikuwa na mateka 500 kila mmoja majumbani mwao, na kwamba waliokabidhiwa dola ndio waliochonga mawe ya mahekalu makubwa kabisa na kuchimba mifereji ya maji chini ya mji.

Hekalu la Zeus lilikuwa kubwa kupita yote, likiwa na urefu wa takriban mita 112 na upana wa mita 56. Halikuwahi kuezekwa. Mwaka 406 K.K. Wakarthage walirejea, wakauzingira mji na kuuteka. Baina ya nguzo za hekalu hilo palisimamishwa sanamu za majitu, kila moja ikikaribia urefu wa mita 8, mikono imekunjwa nyuma ya kichwa kwa kuubeba mzigo wa jengo. Baadhi ya wataalamu wameona katika majitu hayo taswira ya walioshindwa Himera. Wengine wanamwona humo Atlas wa visasili. Kwa vyovyote vile, jengo lilichagua kuonyesha hadharani mwili wa mwanadamu uliolemewa.

Ushairi wa wakati huo ulichagua vingine. Pindar alimtungia Theron utenzi wa sifa kwa ushindi wa mbio za magari ya farasi huko Olympia mwaka 476 K.K., na mahali pengine aliusifu Akragas kwa uzuri wake. Mshairi wa sifa hulipwa kumtukuza mshindi, na mshindwa hana nafasi katika utanzu huo. Ikumbukwe, basi, kwamba ukimya juu ya mateka haukuanza na wasafiri. Ulikuwamo tangu mawe yalipokuwa mapya.

Kitabu Kabla ya Jiwe

Mwaka 1759 Johann Winckelmann alichapisha maelezo kuhusu usanifu wa mahekalu ya Girgenti bila kuwahi kukanyaga Sisili; alitegemea vipimo vya msanifu majengo aliyefika huko. Rafiki yake Riedesel alisafiri kwenda kujionea, na kitabu chake cha 1771 kikaandikwa kama barua kwa Winckelmann. Goethe naye alipofika Girgenti mwezi Aprili 1787 alikuwa na kitabu cha Riedesel, akakienzi kama kitabu cha sala. Kwa mtiririko huu, kila msafiri alikwenda kuthibitisha alichokwisha kukisoma.

Mbele ya kifusi cha hekalu la Zeus, Goethe aliona kama mifupa ya jitu iliyotawanyika. Alisimama ndani ya mfuo mmoja wa nguzo, mabega yake yakagusa pande zote mbili. Kinachotawala maelezo yake ni kipimo: mwili wa mgeni unatumiwa kama rula ya kukadiria ukuu wa jengo. Diodorus pia alitaja kwamba mtu anaweza kuenea katika mfuo huo. Lakini kitabu chake, mbali na mtu huyo wa kupimia, kinamtaja pia mtu mwingine, aliyeuchonga.

Msomaji wa Al-Inkishafi amezoea gofu linaloulizwa wenyewe wamekwenda wapi. Huko Girgenti msafiri wa karne ya 18 aliuliza zaidi jinsi nguzo zilivyolingana. Swali la tatu, ni nani aliyelipasua jiwe, halikuulizwa kwa uzito.

Jina, nalo, laweza kupotosha. Hekalu linaloitwa la Concordia lilipewa jina hilo katika karne ya 16 na Tommaso Fazello, kutokana na maandishi ya Kilatini yasiyohusiana nalo. Limesalia karibu zima kwa sababu liligeuzwa kanisa mwishoni mwa karne ya 6 B.K. Hivyo kile ambacho mgeni hukistaajabia kama Ugiriki safi kilihifadhiwa na Ukristo na kubatizwa kwa Kilatini.

Hitimisho

Mawe mengi ya hekalu la Zeus hayapo tena mahali pake. Katika karne ya 18 yalichukuliwa kujengea gati la bandari iliyo karibu, ambayo leo inaitwa Porto Empedocle. Bandari hiyo imekuwa ikipokea meli zinazowaleta wahamiaji kutoka kisiwa cha Lampedusa, ambacho kiutawala ni sehemu ya mkoa wa Agrigento. Tarehe 3 Oktoba 2013 zaidi ya watu 360, wengi wao Waeritrea, walizama karibu na kisiwa hicho. Ibada ya kuwakumbuka ilifanyika San Leone, ufuoni chini ya mahekalu.

Mwaka 2024 jitu mojawapo, lililounganishwa kwa vipande vya sanamu mbalimbali, lilisimamishwa wima tena katika bonde la mahekalu. Mgeni anaweza sasa kulitazama uso kwa uso. Usomaji wa kihistoria unamtaka asiishie kwenye urefu wake, bali arudi kwenye ukurasa wa Diodorus, ambako mawe na mateka wametajwa pamoja. Uhakiki wa fasihi ya safari utakuwa umetimiza wajibu wake pale utakapozirejesha sentensi hizo mbili mahali pamoja.