Ndizi na Samaki: Kilichotangulia Unga wa Posho

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipitia Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa. Alilala usiku mmoja tu, lakini hakuondoka bila kutazama watu wanakula nini. Alisimulia kwamba wenyeji wa kisiwa hawalimi nafaka, huletewa kutoka mwambao, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Akataja pia ndimu, na tunda dogo tamu mfano wa zambarau.

Habari hiyo ni fupi, nami nimeishika kwa mikono miwili. Mimi ni mzaliwa wa Mtongwe, Likoni, na kwa ushauri wa daktari nimeacha nafaka zote: sima, wali, chapati, mahamri na mkate. Nilipowaambia jamaa, shangazi yangu alinitazama kama anayenipa pole ya msiba. "Sasa mwanangu utakula nini?" Madukani upande wa Nyali kuna vipakiti vya unga wa lozi kutoka ng'ambo, bei yake inatosha kununua samaki wa siku kadhaa. Wengi huamini kuacha nafaka ni mambo ya wenye pesa wa huko. Historia ya bara yetu, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, inasema vingine.

Sitadai kwamba wazee wetu hawakula nafaka. Walikula. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Mgombani na katika pango la Panga ya Saidi, kule Kilifi, wamepata mbegu za mtama, uwele na wimbi za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mchele nao ulivuka bahari zamani. Hiyo nafaka ambayo Ibn Battuta aliambiwa inaletwa kisiwani lazima ililimwa na mtu mahali fulani. Ninachodai ni kwamba nafaka haikukalia kiti peke yake. Ilikuwa chakula kimoja kati ya vingi, na mwaka ambao mvua iliikataa, sufuria haikukosa cha kupikwa.

Kisiwa kilitegemea bara. Katika karne ya 17 Wareno waliokuwa ndani ya Ngome ya Yesu, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, walijua vyema kwamba bila watu wa bara waliowaita Wamusungulo, yaani Wamijikenda, mji ungelala njaa, na wakawa wakiwapa vitambaa ili amani na chakula viendelee. Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili, wakiwemo Wachangamwe na Wajomvu ambao majina yao yamebaki kwenye mitaa tunayopita kila siku, walikuwa na mashamba upande wa bara. Tusifiche kwamba katika karne ya 19 mengi yalilimwa kwa jasho la watumwa, hadi utumwa ulipofutwa rasmi mwaka 1907. Hata Freretown ya Kisauni, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya walioachiwa huru, ilihitaji kwanza ardhi ya kupanda chakula.

Muhogo ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Ulitoka Amerika ya Kusini ukaletwa Afrika na meli za Wareno, na mahindi yakafuata njia hiyohiyo. Sidhani kuna mmea uliotufaa zaidi katika mchanga wetu. Hauhitaji ghala, kwa maana ghala lake ni ardhi: unang'oa shina moja leo, mengine yanakungoja mwaka mzima. Nzige hawaufikii mzizi. Aina chungu zina sumu, na mama zetu walijua kuzimenya, kuziloweka na kuzianika mpaka zikawa makopa ya kusagwa. Aina tamu iliyopendwa Pwani ni kibandameno. Hadi leo muuzaji wa soko la Kongowea akitaka kukushawishi atauvunja muhogo mbele yako na kusema, "Chukua mama, huu ni unga mtupu," maana yake ukichemka utapasuka na kuwa laini, hautakuwa wa maji.

Mahali ambapo desturi hii ya zamani ya kula mizizi haijakatika ni futari. Mwezi wa Ramadhani, nyumba za Likoni na Kisauni ambazo mwaka mzima hupika sima na wali hurudia mizizi na matunda kana kwamba zimeitwa: muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, viazi vitamu, majimbi, na shelisheli kwa aliyebahatika kuwa na mti wake au jirani mwema. Kaimati na tambi zipo, lakini shibe ya mfungaji iko kwenye chungu cha muhogo.

Nyanya yangu alipika muhogo wa futari hivi. Nazi mbili zilikunwa kwa mbuzi, zikakamuliwa kwenye kifumbu, tui zito likawekwa kando, kisha chicha ikatiwa maji na kukamuliwa tena kupata tui jepesi. Muhogo ulimenywa, ukapasuliwa na kutolewa ule uzi wa katikati, ukachemshwa kwa maji na chumvi hadi ulainike, ndipo ukatiwa tui jepesi. Tui zito liliingia mwisho, moto ukiwa mdogo, naye akikoroga bila kuondoka ili lisikatike. Siku nyingine aliweka vipande vya nguru na pilipili mbichi, siku nyingine iliki na sukari kidogo. Katika chungu kile hamna punje hata moja ya nafaka, na hakuna aliyewahi kukiita chakula cha mgonjwa.

Pembeni palikuwa na mboga, na hapa wenye elimu ni wanawake wa Kimijikenda. Mchicha na kisamvu kila mtu anavijua. Lakini mchunga, ambao Wadigo na Wagiriama huuita mutsunga, haupandwi. Huota wenyewe shambani baada ya mvua, nao ni mchungu kwelikweli. Hupikwa pamoja na mnavu au majani ya kunde, na tui ndilo linaloupoza. Anayeujua mchunga anajua pia ni majani yapi ya kuchuma na yapi ya kuacha, na elimu hiyo haikuandikwa ukutani mwa shule yoyote niliyosoma.

Nini kilibadilika basi? Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Nyuma yake kukaja bandari ya Kilindini, na maelfu ya vibarua kutoka bara ya mbali. Kibarua hakuja na shamba. Alilishwa posho, unga wa mahindi uliopimwa kwa kibaba, kwa sababu unga hauozi haraka, husafiri kwa gunia, huiva upesi na mhasibu anaweza kuuhesabu. Ndizi na majimbi havikubali daftari. Mwaka 1908 mambo mawili yalitokea yasiyofanana: huko Njoro, mlowezi Mwingereza Delamere alianzisha kampuni ya kusaga nafaka ya Unga; na huku Pwani ilipitishwa sheria ya hati za ardhi, ambayo kwayo ardhi isiyodaiwa kwa utaratibu wake iliangukia serikali. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo na si kwa karatasi, wakawa maskwota penye makaburi ya babu zao. Nayaweka pamoja kwa makusudi. Mtu asiye na ardhi hapandi mnazi wala muhogo, hununua paketi.

Marehemu baba yangu aliishi katika nyumba za wafanyakazi huko Changamwe kabla ya kumwoa mama. Chumba kimoja, jiko moja, wanaume wanne, zamu za usiku. Nani angekuna nazi? Sima ilikuwa tayari kabla maji ya kuoga hayajapoa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali iliunda mamlaka ya kudhibiti mahindi, mwaka 1942, na punje hiyo ikawa jambo la siasa kuliko zao lingine lolote. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, gharama ya kuishi mjini ilikuwa miongoni mwa machungu yao, na chakula ndicho kilichokula sehemu kubwa ya mshahara. Tangu hapo Mkenya hupima uhai wake kwa bei ya paketi ya kilo mbili. Mwaka 2017, ukame ulipopandisha bei hiyo, serikali ililazimika kuiteremsha hadi shilingi 90, na meli ikatia nanga Mombasa na mahindi kutoka Mexico. Niliwatazama watu wakipanga foleni madukani, nami nilijua kwamba si mbali sana na pale, Kaloleni na Kwale, muhogo ulikuwa ardhini.

Muhogo wenyewe ulipewa jina baya. Ulikuwa chakula cha njaa, kisha chakula cha maskini, na mtoto aliyeubeba shuleni alichekwa na wenziwe wenye mkate. Na ugonjwa ukausaidia kuanguka. Ule wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na mtaalamu Storey wa kituo cha Amani, Tanganyika, mwaka 1936, huozesha mzizi ndani kwa ndani huku majani yakidanganya, na kibandameno hauuhimili. Kituo cha utafiti cha Mtwapa kimetoa aina zinazostahimili zaidi, miongoni mwazo Tajirika, Shibe na Karembo. Kazi hiyo nzuri haisikiki mijini inavyostahili.

Muhogo ni wanga, na ndizi vilevile. Mwenye ugonjwa wa sukari asidhani kuacha sima na kujaza sahani muhogo ni tiba. Amuulize daktari wake. Kilichonifaa mimi ni sahani nzima ya zamani: mzizi kidogo, samaki, mboga nyingi chungu, tui, na ukwaju au embe mbichi pembeni. Shangazi sasa hunipigia simu mchunga unapoota nyuma ya nyumba.

Ndugu msomaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe, kama mama au nyanya yako yu hai, mwombe akuonyeshe kabla mvua za masika hazijaisha majani anayoyajua, uyaandike majina yake. Na ukiwa na kipande cha ardhi, hata futi chache kati ya ukuta na choo, chomeka humo vipando vya muhogo vilivyo salama kutoka Mtwapa. Wenye viti katika serikali ya kaunti nao waweke muhogo, ndizi na viazi vitamu kwenye sahani za watoto wa shule za chekechea. Mashamba yako karibu na soko la Kongowea liko wazi kila alfajiri.